Bibi Kwenye Mtambo

Kwa heshima na taadhima, nakiri kwamba mimi ndiye niliyejificha nyuma ya mtambo wa simu. Bwenini huwa naiga sauti ya mwalimu mkuu mpaka wenzangu wanatandika vitanda.

Jengo la zamani la simu limegeuzwa mgahawa. Mtambo aliofanyia kazi bibi yangu, akiunganisha simu za watu, umebaki kama pambo, nyaya zimekatwa. Babu alikuwa akimpigia hapo kila mchana kuomba aunganishwe na nyumbani, ilhali nyumbani hapakuwa na mtu. Alitaka kusikia sauti ya bibi tu.

Siku niliyokwenda naye mgahawani, bibi aliketi mbele ya mtambo, akavaa visikilizio, akachomeka plagi kwa mzaha.

"Namba gani, tafadhali?"

Nikakohoa kama babu, ambaye tulimzika mwaka jana. "Niunganishe na nyumbani, binti."

Nilisubiri matusi. Kicheko nilikuwa nacho tayari mdomoni.

Bibi hakucheka. Kidole chake kiliibana ile plagi mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Mbona kimya mwaka mzima?" aliuliza taratibu.

Mhudumu alisimama na sinia lake la kahawa. Nami nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Usikate," bibi akasema. "Bado upo?"

Nikakohoa tena. "Nipo."