Kisanduku Kitupu

Siku hizi maji ya bomba hufunguliwa kila asubuhi kulingana na idadi ya watu ambao programu imewahesabu katika kila nyumba. Tunu alikuwa mmoja wa walioitunga lugha ya programu hiyo. Kwenye kikao, mwenzake Shemweta alishikilia kwamba programu ikikuta kisanduku kitupu katika taarifa za mtu, isimame na kuuliza.

"Itasimama kila saa," Tunu akambishia. "Imruke mtu huyo, iendelee kimya kimya." Wengi wakamuunga mkono, naye akafurahi.

Miaka minne baadaye mama mkwe wake, Bi Chausiku, alihamia kwake. Tunu alimwandikisha, akaacha wazi mwaka wa kuzaliwa kwa kuwa bibi mwenyewe hakuujua. Maji yakawa hayatoshi. Siku moja akamkuta mzee huyo akijipangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

"Tangu nije nimewapunguzia maji," alisema. "Nimeacha kuoga ili wajukuu waoge."

Tunu alikagua hesabu ya nyumba. Walikuwa watu watano, lakini programu ilihesabu wanne. Akakumbuka kikao kile, aibu ikamjaa. Akabuni mwaka, akaujaza, na kesho yake maji yakatosha.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Bi Chausiku alisema. "Kwani lilikuwa kosa la nani?"

"La mashine, mama. Ilikuruka kwa kuwa haikuona mwaka wako wa kuzaliwa," Tunu akajibu, akainamia ndoo asimtazame usoni.

"Basi umwambie mwenye mashine. Dada yangu kule Muheza naye hajui mwaka wake, na anaishi peke yake."