Mapigo

Bi Tausi alisimama mlangoni kwa wifi yake, Chausiku. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya Nuru, binti mkubwa wa Bi Tausi. Msichana huyo hakuwahi kulazwa hospitali. Alianguka akikimbia mbio za shule, akafa papo hapo. Waliompasua walisema moyo wake haukuwa na kasoro yoyote. Watu wakatafuta mchawi, na Bi Tausi ndiye aliyemtaja Chausiku, kwa kuwa Nuru alikunywa uji kwake asubuhi ile.

"Hodi, wifi."

Chausiku alitoka, lakini hakusema karibu.

"Mdogo wake Nuru naye alianguka juzi, lori lilipompigia honi. Bahati akazinduka. Daktari kampima, anasema moyo wenyewe ni mzima, ila mapigo yake huvurugika ghafla akikimbia sana au akishtuliwa na kelele. Ndicho kilichomuua Nuru. Nilikusingizia, wifi."

"Mimi hata msibani mlinifukuza," Chausiku alisema. "Leo umekuja kutaka nini?"

Bi Tausi aliinamisha kichwa. "Ugonjwa unarithiwa. Umetoka kwa baba yao, kaka yako. Daktari anataka mpimwe nyote, wewe na mwanao."

Chausiku aligeuka kutazama uani. Binti yake wa pekee alikuwa akiruka kamba, na wenzake wakiizungusha kwa kasi huku wakimshangilia. Mama alifungua kinywa amwite, kisha akaogopa kupaza sauti.