Supu ya Marehemu

Kwanza Mashavu, mtumishi wa nyumba, aliona mwiko umelowa, ilhali hajaugusa. Akaikoroga hivyo hivyo ile supu ya viazi na maziwa, chakula cha kwao marehemu mke wa Mzee Makame, aliyetoka nchi za theluji. Tangu amzike mkewe, mzee alikuwa hali kitu, amebaki mifupa.

Leo alionja, akaonja tena.

"Ni yake hasa hii. Nani kakufunza? Jikoni alikuwa hamwingizi mtu."

Mashavu akageuka arudi jikoni. Mzee akalisukuma bakuli.

"Usiponiambia sili, mwanangu."

"Yumo jikoni, baba. Hunishika mkono nikikoroga, na vidole vyake havipati moto. Anasema ule. Kitanda chako huko ahera bado hajakitandika."