Sanduku la Mlimani

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nyundo, kisha akamzaba kofi.

"Marahaba," aliitikia Mama Chaki kutoka sakafuni, kwa mazoea tu. Alimfundisha Nyundo tangu la kwanza hadi darasa la nne, enzi hizo akilia akinyimwa zamu ya kufuta ubao. Sasa alikuwa pande la mtu, rungu mkononi na vijana watano nyuma yake. Mmoja wao alikuwa amebeba dumu la petroli.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kura za kituo cha shule ya mlimani zilikuwa zimeshahesabiwa, sanduku limepigwa lakiri na kufungiwa stoo, likingoja gari la polisi. Mawakala wa pande zote mbili walishatia sahihi wakaenda zao. Yule wa Mheshimiwa, ambaye simu yake iliishiwa chaji, aliteremka mlima kwa baiskeli huku akipiga mluzi. Msimamizi wa kituo, ambaye ndiye Mama Chaki, alibaki peke yake darasani, ufunguo wa stoo ukining'inia shingoni.

"Lete ufunguo," alisema Nyundo.

"Mwanangu, nisikilize kwanza. Hizo kura..."

Rungu likamtua bega la kulia. Alisikia kitu kikivunjika, na mkono ule ukalegea palepale. Kijana mmoja akaipata simu yake mezani, akaisaga kwa kisigino.

"Hatujaja kusikiliza hotuba," alisema Nyundo.

Kazi yao jimbo zima liliijua. Sheria ilikuwa wazi: sanduku lisipofika mjini, kituo chake hakihesabiwi. Na watu wa mlimani walikuwa na kichwa kigumu, hawajawahi kumpa Mheshimiwa hata kura za kujaza kofia. Basi uchaguzi wa kwanza sanduku la mlimani liliungua, Mheshimiwa akaingia bungeni. Uchaguzi wa pili likaungua, akarudi. Wa tatu vilevile. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari lililokuwa mezani, lenye safu tatu: mwaka, mshindi, waliouawa. Lilianzishwa na mume wa Mama Chaki. Mstari wa mwisho tu ndio uliokuwa na mwandiko wa mkewe, na katika safu ya waliouawa aliandika jina moja, la mwenye daftari. Alikuwa msimamizi wa kituo hiki hiki, akakataa kutoa ufunguo huu huu.

Safari hii mjane aliiomba kazi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Wanawe walimwambia amerukwa na akili. Aliwajibu kwamba kura ni mali ya aliyeipiga, awe nani, na akaapa kwamba mwaka huu sanduku litafika.

Kwa hiyo kijana wa kwanza aliponyoosha mkono kuuchukua ufunguo, mwalimu aliung'ata mkono huo hadi akaonja damu. Wakampiga teke la mbavu. Akaufumbata ufunguo ndani ya ngumi ya kulia. Nyundo akapiga goti kando yake, akaanza kumvunja vidole, kimoja kimoja, bila haraka, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa na mwalimu huyo huyo.

"Nyundo," alihema Mama Chaki kwenye kidole cha tatu. "Mtafuteni wakala wenu. Yuko njiani. Muulizeni..."

Kofi likamfunga mdomo. Nyundo akasimama, akatoka kwenda kunawa damu kwenye bomba jipya la uani. Ndoo za akina mama zilikuwa zimelala ovyo pale, wenyewe wamekimbia walipoona rungu. Alinywa maji, akajifuta mdomo, akarudi ametulia.

"Unajua, Mwalimu, mumeo naye alianza hivi hivi. Nisikilizeni, nisikilizeni. Mimi ndiye niliyempiga la mwisho. Alikufa hajasema alichotaka kusema."

Mama Chaki alimtazama. Miaka mitano alikuwa akijiuliza ni mkono wa nani, na kumbe ni huu aliouongoza kuandika herufi za kwanza. Hasira ilimpanda mpaka ikampita, akabaki mtulivu kabisa.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" alidhihaki Nyundo. "Haya, sema."

"Sina neno," alisema Mama Chaki, akafungua ngumi.

Walilichomea sanduku katikati ya uwanja. Karatasi zilipeperuka zikiwaka, vijana wakicheka na kuzirudisha motoni kwa miguu. Nyundo akapiga simu mjini. "Mlimani tayari, bosi. Watangaze." Kisha wakafungua redio ya gari lao, wakakaa kwenye boneti kungoja shangwe. Mama Chaki alijikokota hadi kizingitini na daftari lake, akaketi. Hakuna aliyemjali tena.

Moto ulikuwa umebaki majivu mtangazaji aliposoma matokeo ya jimbo. Mheshimiwa ameshindwa, kwa kura hamsini na tatu.

Vijana wakatazamana. Nyundo akaiangalia redio, akayaangalia majivu, kisha taratibu akageuka kumwangalia mwalimu wake, aliyekuwa akiandika mstari mpya kwa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," aliita, na sauti ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. "Zile kura... ulitaka kuniambia nini?"

"Mia sita na kumi na moja za Mheshimiwa, mwanangu," alijibu Mama Chaki bila kuinua kichwa. "Watu walisema safari hii angalau ametuletea maji."