Picha ya Thelathini na Sita

Mkanda wa picha thelathini na sita ulikuwa umebakiza moja tu, na bwana harusi alikuwa bado hajaonekana.

Mwajabu aliikumbatia kamera yake ndogo, mtumba wa Kijapani alioununua Kariakoo wiki tatu nyuma. Muuzaji aliapa kwamba inajilenga yenyewe na kujiwashia flashi yenyewe. Mumewe, Badru, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa kama inafanya yote hayo, wewe kazi yako nini?" Na Alhamisi, akifunga begi kwenda msibani Morogoro, akaongeza: "Siku ukipata picha moja ya maana, niite nione."

Maneno yale yalimchoma. Badru alipoondoka tu, Mwajabu akaipokea kazi yake ya kwanza kimya kimya, akafunga safari kutoka Kinondoni hadi Chamazi. Alitaka kitu kimoja: picha ya kumfunga mumewe mdomo.

Chumba cha bi harusi kilijaa udi na vigelegele. Bi Farida, mama wa bi harusi, alimtafuta yeye kwa kuwa mpiga picha mwanamume asingekanyaga humo.

"Mkwe mwenyewe hajui kama upo," alimnong'oneza. "Hataki picha, hataki tarumbeta. Mie nikasema thubutu! Mwanangu haolewi kama kaiba."

"Bahili?"

"Anasema ana haya. Mtu wa safari huyo, hajazoea watu."

Mwajabu alimwonea huruma binti wa watu, hina mpaka kwenye viwiko, anaozwa kwa mwanamume mgumu namna hiyo. Akaapa angalau kumpatia picha ya ukumbusho: mume akimwekea mkono kwenye paji la uso na kumwombea dua.

Kaswida zikasikika uani. Ndoa ilikwisha kufungwa msikitini. Sasa wanaume walikuwa wanamleta bwana harusi kwa mkewe. Wanawake wakajitanda. Mwajabu akapiga goti, jicho kwenye kitundu cha kamera.

Pazia likafunuliwa. Joho jeusi likapita, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Bwana harusi akaketi, akanyoosha mkono, akauweka kwenye paji la bi harusi.

Mwajabu akabonyeza. Mwanga ulipomulika, bwana harusi akainua uso kwa hasira, kisha akabaki mdomo wazi.

"Umempata vizuri, mwanangu?" aliuliza Bi Farida.

"Vizuri sana, mama," alijibu Mwajabu, kamera bado ipo usoni. "Ni mume wangu."