Msuko wa Kidole Kimoja

"Vuta chini uone, mama," binti alisema, akamkabidhi simu.

Alikuwa ametengeneza programu ya saluni yao. Pale ambapo programu nyingine huweka kile kiduara kinachozunguka mpaka kinakera, yeye aliweka mafungu matatu ya nywele. Ukivuta skrini yanajisuka, ukiachia yanajifunga, na orodha ya zamu za wateja inakuja upya. Mwendo wa msuko aliunakili kutoka video ya zamani ya mikono ya mama, kabla kiharusi hakijaulaza ule wa kulia.

Mama akaipokea simu kwa kushoto. Hapo ndipo binti alipogundua kosa lake: mkono wenye nguvu umeshika simu, wa kuvuta skrini ni upi? Akafungua kinywa amwambie aiweke mezani.

Akakifunga.

Ule mkono uliolala mapajani miezi yote hiyo, kama mzigo wa mtu mwingine, ulikuwa umeinuka. Ulipanda ukitetemeka hadi kidole cha shahada kikagusa kioo. Kikavuta. Fungu la kulia likapita juu, la kushoto likapita juu, la kati likazama, na msuko ukashuka pamoja na kidole, mwembamba, umenyooka, kama alivyokuwa akisuka mwenyewe.

Binti akasogea karibu.

"Achia sasa, mama," alinong'ona. "Utajifunga wenyewe."

"Niachie nini wewe," mama akasema, macho hayabanduki kidoleni, "na ndiyo kwanza kimeamka?"