Kifungo cha Juu

Simu ilitetema kando ya sinia la dagaa, na Nyangi akaidaka kwa vidole vyenye shombo. Alisoma ujumbe mara mbili, kisha akaruka hadi kandambili ikamchomoka.

"Mama, nimechaguliwa! Naenda kusomea tiba ya mionzi!"

Wanawake wa jumuiya ya kanisa, waliokuja nyumbani kwao Bweri kusaidia kuchambua dagaa, walipiga vigelegele kwanza, wakauliza baadaye.

"Mionzi ndiyo nini?"

Mama aliinuka. Alinawa mikono, akafungua kifungo cha juu cha blauzi. Alikuwa hakifungui hata kwenye jua kali, tangu mwenzao mmoja alipomwona akioga ziwani na kwenda kunong'ona kanisani kwamba ana chale za mganga.

Akafungua na cha pili. Kifuani palikuwa na nukta tatu za wino, ndogo kama macho ya dagaa.

Wanawake wakaacha dagaa, wakakodoa macho.

"Chale gani hizi?" mama alisema. "Ni alama za hospitali. Mashine inalenga hapa, inaua kansa. Ila lazima mtu akulaze, akupange mpaka alama zikae sawasawa. Ndiyo kazi anayoenda kusomea mwanangu."

Akamgeukia binti yake. "Njoo uwaonyeshe mtu anavyopangwa. Ila yule aliyekuwa ananipanga mimi hospitalini mikono yake ilikuwaga ya baridi, nashtuka kila siku."

Nyangi alinawa haraka. Akasugua viganja, akavipulizia pumzi, akavisugua tena, na wanawake wote wakasogea karibu.